Karafuu Tatu kwa Kila Chupa

Mimi mtu wa hasira, na Jang'ombe nzima inanijua. Ukimwita Mabrouk fundi mara moja anaitika "Naam". Ukimwita mara ya pili anakutukana. Sijisifu. Nakwambia mapema ili nitakapofika pale pa kusema nilivyomtenda mdogo wangu Muhiddin, usije ukashtuka ukasema, "Ah, na huyu naye!" Ndiyo, na huyu naye.

Muhiddin alikuwa dereva, mimi fundi, sote katika yadi moja ya malori kule Malindi ya Unguja. Mwaka ulikuwa wa sabini na moja, mwaka wa foleni. Foleni ya mchele, foleni ya sukari, foleni ya sabuni. Ukiona watu wamesimama, na wewe unasimama, kisha ndipo unauliza kunauzwa nini. Yadini nako vivyo hivyo. Ukitaka boliti moja unaandika barua. Ukitaka mafuta ya gari unaandika barua, unangoja, halafu unaambiwa meli haijaja.

Lori la Muhiddin lilikuwa jipya kuliko yote pale. Limekuja kwa meli kutoka nchi za baridi, na usukani wake ulikuwa wa mafuta. Nikueleze, maana siku zile Unguja magari ya namna hiyo yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Lori la kawaida, ukilikunja na mzigo wa saruji, jasho linakutoka mpaka visiginoni. Hili lilikuwa na pampu ndogo ubavuni mwa injini, na kikopo cha mafuta juu yake. Pampu inayafyonza mafuta kutoka kikoponi, inayasukuma kwenye mipira mpaka kwenye boksi la usukani, na mafuta yale ndiyo yanayokunja magurudumu. Wewe dereva unaonyesha njia tu kwa kidole. Muhiddin alilipenda lori lile mpaka mkewe, Mwanakheri, akawa anamtania kwamba kaletewa mke mwenza wa chuma.

Kuna jambo moja la Muhiddin lazima ulijue. Ujanani alikuwa akinywa. Tembo, gongo, lolote lililopita mbele yake. Mama yetu, Bi Mize, alilia naye miaka, mpaka siku moja akamshika mkono, akamtawadhisha kama mtoto, akamkalisha mbele ya msahafu, na Muhiddin akaapa. Tangu siku ile ikapita miaka mitatu. Tulikaa nyumba moja: mimi chumba cha mbele, yeye na Mwanakheri chumba cha kati, mama chumba cha uani. Angegusa hata tone ningejua. Hakugusa.

Sasa sikiliza. Jumatano moja ya kipupwe, asubuhi, alinijia yadini. Mimi nimetoka kugombezwa na msimamizi wetu, Bwana Abrahman, kwa jambo lisilonihusu, na damu inanichemka.

"Kaka," akasema, "usukani unalia. Nikikunja unapiga kelele, halafu mzito. Nimetazama kikoponi, mafuta yamekwisha. Mpira mmoja ulikuwa unavuja, nshaukaza."

"Mafuta hakuna."

"Hata kidogo? Kesho alfajiri nna safari ya Kizimkazi, saruji ya skuli. Lori litajaa."

Nitasema kweli, maana siku hizi sina jingine la kuficha. Mafuta yalikuwapo. Chini ya meza yangu, nyuma ya matairi mabovu, nilikuwa na kopo la galani, mafuta mekundu safi yenyewe hasa. Nimeyaficha kwa ajili ya gari ya mtu mmoja mwenye cheo aliyeniahidi mabati ya kuezekea chumba cha mama. Nikajiambia, huyu mdogo wangu anaweza kungoja meli, mabati hayangoji.

"Hakuna, nimesema!" nikamfokea mbele za watu. "Unataka nikukamulie mwilini mwangu? Nenda kamwombe mama akupe mafuta ya nazi!"

Wenzetu wakacheka. Muhiddin hakucheka. Alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni, hajui kejeli; ukimpa neno analibeba kama lilivyo.

"Yatafaa?" akaniuliza.

"Yatafaa sana! Na vitunguu utie!"

Nikampa mgongo. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mdogo wangu. Vitunguu.

Siku ile nililala yadini kwa zamu. Alhamisi, saa tatu asubuhi, dereva mwenzake Muhiddin akaingia mbio akitweta. Lori la Muhiddin limeacha njia kwenye kona ya Tunguu, limeupiga mzambarau, na Muhiddin kafa palepale. Alikuwa peke yake. Mzee mmoja wa huko, Mzee Pandu, alikuwa anatoka kusali alfajiri akaliona likija: linakwenda huku, mara linakwenda huku, barabara nzima yake, na kwenye kona likanyooka tu kana kwamba kona haipo.

Watu ishirini wamesimama pale. Na mimi, badala ya kusema inna lillahi, nilipiga kelele, "Kalewa! Amerudia pombe zake mshenzi yule! Si nilijua!"

Sikujua chochote. Kifua kiliniuma, sikujua niweke wapi maumivu yale, nikamtupia aliyekuwa hayuko. Wasemao husema mdomo huponza kichwa. Wangu haukukiponza kichwa changu, ulikiponza cha maiti. Neno lilitoka pale yadini kabla ya jeneza kutoka nyumbani. Tulipomzika alasiri ile, watu walikuwa wanainamisha macho. Mtu akisema "Mungu amsamehe", ananong'ona, na unasikia kabisa anamwombea msamaha wa nini.

Mwanakheri aliingia edani, kafungiwa ndani na nguo zake nyeupe, na maneno yalimfuata humohumo. Wanawake waliokuja kumpa pole walimwambia, "Pole mwanangu, wanaume hawa hawaachi." Mama naye habari ilimfika kwa jirani. Akaniita chumbani kwake.

"Mabrouk."

"Naam, mama."

"Wanasema mwanangu kafa kalewa. Nimeuliza imetoka wapi, nimeambiwa imetoka kwako."

Nikakaa chini mbele ya kitanda chake.

"Ulimuona kalewa?"

"Sikumuona, mama. Nilisema kwa hasira."

Hakunipigia kelele. Angepiga kelele ningeona nafuu. Akasema, "Aliapa mbele yangu, mkono wangu juu ya mkono wake. Nenda kalifute neno lako kabla ya arobaini yake. Sitasomewa mwanangu hitima na watu wanaomdhania kafa na pombe tumboni."

Nikaenda kulifuta. Maji yakimwagika hayazoleki! Kila barza niliyopita nikasema, jamani, mimi sikumuona kalewa, nilisema tu. Wananiitikia kwa adabu, "Ewaa, Mabrouk, tumekusikia," na nikigeuka nasikia, "Masikini, anamsitiri nduguye." Kadiri nilivyolikanusha ndivyo lilivyozidi kuwa kweli. Na mtu akiniuliza, "Basi ilikuwaje lori liyumbe vile?" nasema Mungu ajua.

Mama akaacha kutoka. Yeye aliyekuwa haikosi harusi wala matanga akawa anashinda kitandani na tasbihi, na akitaka chumvi anamtuma mtu. Siku ziliniishia. Ishirini, ishirini na tano, thelathini.

Lori lilivutwa mpaka yadini, likakaa pembeni. Boneti imekunjika, upande mmoja wa kichwa umebonyea, lakini injini ilikuwa nzima. Hakuna fundi aliyetaka kuligusa, walisema lina nuksi. Nikamwendea Bwana Abrahman.

"Nipeni mimi nikalifungulie nyumbani."

"Mabrouk, utaweza? Lori lililomuua mdogo wako?"

"Ntaweza."

Akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko matusi. Likavutwa mpaka Jang'ombe, likawekwa kwenye uwanja ubavuni mwa nyumba yetu. Siku hiyo ilikuwa ya thelathini na tano.

Kesho yake nilianza kazi baada tu ya sala ya alfajiri. Kipupwe kilikuwa kimekaza, watu wamejitanda mashuka, kuku wamejikunyata. Nikatia jeki, nikainua magurudumu ya mbele, nikaipumzisha ekseli juu ya magogo, magurudumu yasigusane na ardhi. Nikauzungusha usukani, injini imezimwa. Ukawa kama unasonga ugali wa watu mia. Nikasema hapa pana neno. Nikakibandua kifuniko cha kikopo cha mafuta.

Ndani kulikuwa kweupe.

Nikatia kidole. Kilizama kwenye kitu kigumugumu, kizito, cheupe, na nilipokitoa kile kitu kikaanza kuyeyuka juu ya ngozi yangu kwa joto la mkono. Nikanusa. Wallahi sikuhitaji kunusa mara ya pili. Kuna nyumba gani Unguja isiyojua? Kipupwe kikiingia, chupa ya mafuta ya nazi inaamka imeganda, unaianika juani kwanza ndipo upate ya kupaka kichwani. Kila mtoto anajua. Muhiddin alijua, mimi nilijua. Lakini nani anafikiri habari za chupa ya kupakia nywele wakati anatazama lori?

Nikaufungua mpira unaorudisha mafuta kikoponi, nikatia karai chini yake, nikaanza kuukunja usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, ili mafuta ya ndani yajisukume nje. Mwanzo halikutoka kitu. Kisha yakaanza kutoka mapande, meupe, na uji, na mapande tena. Hapo nikaelewa yote bila ya kuambiwa na mtu. Alfajiri ile mafuta yaliamka yameganda. Injini ikaanza kuyapasha moto. Pampu ikipata yaliyoyeyuka inasukuma, usukani unakuwa mwepesi ghafla. Ikikutana na pande inafyonza upepo, usukani unakuwa mzito ghafla. Anavuta kwa nguvu zote, mara unamwachia, lori linaruka upande wa pili. Mzee Pandu hakusema uongo. Aliona lori linakwenda kilevi, na ndani yake mtu mwenye akili zake timamu anapigana nalo kwa mikono miwili.

Lakini kwa nini kwenye kona usukani haukukunja kabisa? Nikakichomoa kikopo chote, nikakimimina. Katika weupe ule mkaanguka vitu vinane vyeusi, vidogo. Nikavisafisha kwa kidole gumba. Karafuu. Nikautazama mdomo wa pampu, pale inapofyonzea. Ya tisa ilikuwa imekaa hapo, imevimba, imesimama wima, imeziba tundu sawasawa.

Mama yetu hupika mafuta yake mwenyewe. Anakuna nazi, anakamua tui, anachemsha siku nzima, anachuja kwa kitambaa, na kila chupa anaitia karafuu tatu yasichache. Tatu, haongezi, hapunguzi; tisa ni chupa tatu. Jang'ombe yote hakuna mwingine anayefanya hivyo.

Nilikuwa nimechuchumaa, karafuu zile kiganjani, nikasikia kandambili nyuma yangu.

"Unatazama nini?"

Ni mama, na bakuli la uji. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje baada ya mwezi. Nikazitia karafuu zote mdomoni. Nikachukua kopo la mafuta machafu ya injini lililokuwa karibu, nikalimwaga karaini juu ya ule weupe, mpaka ukawa mweusi wote.

"Hakuna kitu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unatafuna karafuu?"

"Jino linaniuma."

Akaniwekea uji juu ya gogo. Akalizunguka lori polepole, akagusa mlango uliobonyea. Nikadhani atalia. Hakulia, alikaa juu ya tairi la akiba akajifunga kanga vizuri.

"Nikwambie kitu, Mabrouk? Mimi nna jambo moja linalonilaza usingizi. Moja tu. Siku ile ya mwisho alinijia mchana. Akaniambia, mama, lori langu linateseka, nipe mafuta yako, kaka kasema yatafaa. Nilikuwa na chupa tatu nimeziweka kwa Ramadhani. Unajua mafuta yalivyokuwa shida. Nikampa zote. Nikazisomea Yasini moja moja. Nikamuona kwa macho yangu anayatia pale, na alipoukunja usukani akanipigia kelele kutoka juu, 'Mama, dawa! Laini kama hariri!' Akacheka. Mtoto aliondoka na radhi zangu. Kitu cha mwisho alichoniomba, nilimpa." Akafuta pua kwa upindo wa kanga. "Wakimsema pombe, mimi nashika hilo."

Karafuu zilikuwa zinaniunguza ulimi. Nikazimeza.

Akainuka. Alipopita akatazama karaini. "Na hayo nini?"

"Uchafu, mama. Umetoka kwenye usukani."

"Ndio uliomuua?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Kweli ilikuwa mle karaini. Kweli ile ingemsafisha Muhiddin mbele ya watu wote, na siku hiyohiyo ingemzika mama. Nikaona na jambo jingine, nililokuwa nalikimbia tangu kidole changu kilipogusa weupe ule: mafuta yalikuwa yake mama, lakini aliyeyapeleka ni mimi. Mimi niliyesema yatafaa. Mimi niliyekalia galani nzima ya mafuta mazuri kwa tamaa ya mabati.

"Ndio uliomuua," nikasema.

"Umeingiaje?"

"Ntakwambia siku ya hitima. Ntawaambia wote."

Alipoingia ndani nikaenda chumbani, nikalitoa lile kopo la galani. Nilikuwa nimelihamishia nyumbani, nikalificha chini ya kitanda changu mwenyewe. Nikatia mafuta mekundu kidogo kikoponi, nikayazungusha, nikayatoa. Yakatoka na ukungu mweupe. Nikatia tena, nikatoa. Jua lilikuwa limepanda, mapande ya ndani yakaanza kuyeyuka na kutoka yenyewe, hariri tupu, na harufu ya jiko la mama ikajaa uwanjani. Nikawafukuza watoto waliokuja kutazama. Mara ya tatu, mara ya nne, mpaka yakatoka mekundu kama yalivyoingia. Nikaurudisha mpira, nikaukaza, nikajaza kikopo mpaka alama, nikawasha injini. Nikaukunja kulia, nikaukunja kushoto, taratibu, upepo utoke. Mapovu yakaja, yakapungua, nikaongeza mafuta, yakaisha.

Kisha nikaukunja usukani kwa kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya yeye. Ukaja. Nusu ya galani tu ilitosha, na nusu ilibaki. Nikaegemeza kichwa kwenye usukani ule nikalia mpaka Mwanakheri akagonga dirisha la chumba chake kwa ndani, maana yeye kutoka hawezi, akauliza kuna nini.

Siku ya arobaini watu walikuja, si haba. Mikeka ilitandikwa barazani mpaka uwanjani, wanawake wakawa uani na milango wazi. Bwana Abrahman alikuja na watu wa yadi, na Mzee Pandu alikuja kutoka Tunguu na kanzu yake iliyopigwa pasi. Tukasoma. Baada ya dua, kabla kahawa haijapita, nikasimama.

"Jamaa zangu, nisikilizeni. Neno la kwamba Muhiddin alikuwa kalewa nililianzisha mimi, nalo ni uongo. Nimelifungua lori kwa mikono yangu. Usukani ulikuwa umeziba. Na aliyeuziba ni mimi."

Kikombe kikaanguka mahali.

"Alikuja kwangu kuniomba mafuta, nikamfukuza, na mafuta ninayo. Akatafuta yake, akatia mazuri, lori likatembea vizuri mchana kutwa. Jioni, lilipokuwa linapakiwa saruji, nikajifanya fundi. Nikayatoa aliyoyatia, nikatia masalio ya mapipa, uchafu mtupu, nikamwambia haya ndiyo hasa. Alfajiri yakaganda, yakaziba pampu. Muhiddin hakunywa. Alikufa anapigana na uchafu wangu. Anayetaka kumlaani mtu, mimi huyu hapa."

"Lahaula!" mtu akasema. Bwana Abrahman akaniuliza kwa sauti ndogo kama najua ninachokisema, nikamwambia najua. Mzee Pandu akainuka, akaweka mikono kichwani. "Mimi nimemsingizia marehemu," akasema, na akalia mbele za watu, mzee mzima. Na huko uani, nikasikia sauti ya mama ikipanda peke yake. Hakutaja jina langu. Alilitaja la Muhiddin.

Nikachukuliwa na polisi siku ya pili yake, nikakaa ndani siku tisa nikiulizwa yaleyale. Kazi ikaniishia. Nilipotoka nilipita mitaani nikaona watu hawanitazami usoni, na mtu mmoja niliyesoma naye Kurani chuoni utotoni akavuka njia asipishane na mimi. Nikasema sawa. Maana nilipofika nyumbani nilikuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni pa Mwanakheri, na ndani naambiwa wanamsifu marehemu: mtu wa watu, mtu wa msikiti, alishika kiapo chake mpaka mwisho. Neno langu lilikuwa limefutika.

Mama nilimkuta uani. Ilikuwa asubuhi, jua limeanza kupiga ukutani. Alikuwa amekaa kibaoni, mbele yake chupa mbili za mafuta mapya ameziegemeza juani ziyeyuke, na kisahani cha karafuu pembeni. Nikasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

Hakuniitikia. Akachukua karafuu moja, akaitia chupani. Ya pili. Ya tatu. Akafunga kizibo.

"Mabrouk."

"Naam, mama."

"Yale mafuta yangu. Mchana ule yalifanya kazi?"

"Yalifanya kazi."

"Usukani ulikuwa laini."

"Laini kabisa."

"Na wewe ukayatoa."

"Nkayatoa, mama."

"Niliyoyasomea Yasini. Ukayamwaga, ukamtilia mwanangu taka zako."

"Naam."

Aliigeuza chupa juani upande wa pili, pale ambapo mafuta yalikuwa bado meupe. Hakuniangalia.

"Lau ungeyaacha yale yangu," akasema, "mwanangu angekuwa hai leo."

Nilizitazama karafuu tatu zile zikizama polepole katika mafuta yanayoyeyuka.

"Naam, mama," nikamwambia. "Angekuwa hai."